Hemingway: Mwenye vifaa vyote vya uvuvi aliyemtukuza mzee wa mshipi

WANAOREJEA Palma, Quionga, Mocímboa da Praia na vijiji vya kando ya bahari kaskazini mwa Cabo Delgado wanakutana na swali moja kabla ya mengine yote: tuanze na nini? Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, watu walikimbia na roho zao tu. Vyombo viliachwa ufukweni, nyavu ziliachwa juani, na wengi waliporudi hawakukuta mtumbwi wala kamba ya nanga. Fedha iliyopo mkononi ni ya kuhesabu, na kila metikali inayotoka inatakiwa irudi na kitoweo.

Upande wa pili wa Ruvuma, wafanyabiashara wa Mtwara wanaovusha nailoni, ndoana na risasi wanajiuliza swali hilo hilo kwa lugha ya biashara. Nibebe nini kitakachonunuliwa, ili mteja akirudi mara ya pili awe anacheka badala ya kunilaani?

Swali lilikuwa rahisi zamani. Siku hizi vifaa vya uvuvi vina majina mengi kuliko samaki wenyewe. Kuna nailoni inayopimwa kwa ratili, nyingine kwa kilo, nyingine kwa unene wa milimita. Kuna ndoana ambayo namba ikipanda inakuwa ndogo, na nyingine namba ikipanda inakuwa kubwa. Kuna visamaki vya plastiki vyenye macho na rangi zote za upinde wa mvua. Na kila kifaa kina mtaalamu wake, ambaye akimaliza kukueleza unatoka dukani umesahau hata ulichofuata.

Leo naomba tulitazame swali hili kupitia maisha ya Mmarekani mmoja ambaye wengi mnalijua jina lake, mwandishi Ernest Hemingway. Sababu ya kumchagua ni kwamba huyu bwana alipitia njia yote. Alianza kuvua kwa panzi, akapanda hadi kumiliki boti na mitambo ambayo wavuvi matajiri wa zama zake waliitamani, akawa mmoja wa viongozi wa chama kinachotunga kanuni za uvuvi wa michezo duniani. Baada ya yote hayo, kitabu kilichompa heshima kubwa kuliko vyote kinamhusu mzee maskini mwenye mshipi wa mkono.

Mtoto wa daktari

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, jirani na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa pori na maji. Kila kiangazi familia ilihamia ziwa Walloon katika jimbo la Michigan, na huko ndiko mtoto alikofundishwa kushika bunduki na kuvua.

Mwaka 1918, akiwa na miaka 18, alikwenda Italia kubeba majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Usiku wa Julai 8 bomu lilimlipukia karibu na kijiji cha Fossalta na vipande vikajaa miguuni mwake. Aliporudi nyumbani mwaka uliofuata hakuwa kijana yule yule. Alichofanya ni kuchukua marafiki wawili wakaenda kuvua katika mto Fox, kaskazini mwa Michigan, karibu na mji wa Seney ulioungua kwa moto.

Kutokana na safari hiyo aliandika hadithi iliyochapishwa mwaka 1925, ya kijana aliyetoka vitani anayekwenda peke yake mtoni. Vita haitajwi hata mara moja. Kinachoelezwa ni jinsi anavyopiga hema, anavyochemsha kahawa na anavyovua. Chambo chake ni panzi. Anawaokota alfajiri wakiwa wamelowa umande na hawawezi kuruka, anawatia ndani ya chupa, anaifunga shingoni na kuingia mtoni. Hakuna anachonunua zaidi.

Wanaorejea kutoka kambini wataielewa hadithi hiyo upesi kuliko maprofesa. Mtu aliyeona mji wake ukiungua anahitaji kazi ambayo mikono inaijua, ifanyike kwa utaratibu, hatua baada ya hatua. Uvuvi unaponya kwa namna hiyo.

Nzi asiyeruka

Hata hivyo kijana yule alikuwa na fimbo ya aina ya pekee, ile ya kuvulia kwa nzi wa bandia. Hapa niwaeleze wasiowahi kuona uvuvi huo, maana ndiko mambo yalikokuzwa kuliko mahali pengine popote.

Katika uvuvi wetu wa kurusha, risasi ndiyo inayobeba mshipi. Ukiizungusha na kuiachia, inakwenda na kila kitu. Lakini kuna samaki wa mito ya baridi aitwaye trauti, yule ambaye walowezi walimleta Kenya mwaka 1905 na kumpandikiza katika mito ya milima ya Aberdare. Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini. Ili kumdanganya, mvuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo ifanane na mdudu. Kitu hicho hakina uzito, huwezi kukirusha. Kwa hiyo wakatengeneza uzi mnene wenye uzito wake, na uzi ndio unaombeba nzi. Hiyo ndiyo siri yote, na mpaka hapo kila kitu kina sababu yake.

Matatizo yalianza baadaye. Kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1496 kilitaja nzi 12 tu wa kumtosha mvuvi mwaka mzima. Mwaka 1886 Mwingereza Frederic Halford akatoa kitabu cha nzi wanaoelea, chenye makumi ya aina, kila moja na rangi yake halisi ya mbawa, mkia na tumbo. Wafuasi wake wakafika mahali pa kumdharau mtu aliyepata samaki kwa nzi anayezama. Leo aina hizo ni maelfu, na bado zinaongezeka.

Vipimo navyo vikafuata mkondo huo. Uzi mwembamba wa mwisho, ule unaoshika nzi, zamani ulitoka kwenye utumbo wa kiwavi wa hariri. Mafundi waliuvuta kupitia matundu ya chuma ili uwe mwembamba, na kila ulipovutwa mara moja zaidi walitia alama ya X. Ndiyo maana mpaka leo, miaka mingi baada ya nailoni kuchukua nafasi ya hariri, 6X ni uzi mwembamba kuliko 4X. Uzi mnene nao tangu mwaka 1961 unapewa namba kwa kupima uzito wa futi 30 za mwanzo. Namba 5, kwa mfano, ni gramu 9 hivi. Mtu asiyejua historia hiyo atadhani ni elimu ya juu, kumbe ni mazoea ya karakana yaliyosahaulika yalikotoka.

Hemingway mwenyewe katika uvuvi huo alikuwa mtu wa mambo machache. Mwanawe mkubwa, Jack, ameandika kwamba baba yake alizoea kufunga nzi watatu wa aina zile zile, akawaachia wafuate mkondo. Jack naye alikuwa mgonjwa wa kazi hiyo: mwaka 1944, akiwa askari wa Marekani, aliporushwa kwa mwavuli katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, alishuka na fimbo yake ya kuvulia.

Mombasa, Malindi na boti Pilar

Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa kwa meli, akaenda Tanganyika kuwinda. Januari 1934 aliugua kuhara damu huko Serengeti, ikabidi ndege imfuate. Akiwa njiani aliuona mlima Kilimanjaro kutoka angani, na baada ya miaka miwili mlima huo ukawa ndani ya mojawapo ya hadithi zake zinazojulikana zaidi. Kabla ya kuondoka alikwenda kuvua Malindi, katika Bahari ya Hindi hii hii inayopiga fukwe za Palma.

Aliporudi Marekani mwaka huo huo alijengewa boti katika karakana ya Brooklyn, New York. Aliipa jina Pilar, urefu wake futi 38. Ilifungwa injini mbili, kubwa ya mwendo na ndogo ya kuvulia. Baadaye zikaongezwa nguzo ndefu za pembeni za kutawanya mishipi na kiti cha kumkaza mvuvi anapopambana na samaki. Fimbo na rili zake, yaani magurudumu ya kukunjia uzi, zilikuwa za viwanda vya sifa.

Huko nako kulikuwa na hesabu zake. Uzi wa kitani uliotumika siku hizo uliuzwa kwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, na kila uzi mmoja ulikadiriwa kubeba ratili tatu. Kwa hiyo uzi wa 39 ulibeba ratili 117, sawa na kilo 53. Muuzaji angeweza kusema kilo tangu mwanzo, lakini asingeonekana mtaalamu.

Vifaa vikubwa havikumwondolea balaa. Aprili 1935, akiwa safarini kwenda visiwa vya Bimini, alijaribu kummaliza papa kwa bastola, risasi ikagonga chuma na kumrudia miguuni yote miwili. Alipopona alirudi Bimini na kupata sifa ya kuwaleta nchi kavu jodari wakubwa wakiwa wazima. Kabla yake papa walikuwa wakiwala jodari wakiwa bado kwenye mshipi. Dawa yake haikuwa kifaa kipya. Alikataa kumpumzisha samaki, akavuta mfululizo hadi mwisho.

Mwaka 1939 wavuvi wa michezo waliunda chama cha kimataifa, IGFA, cha kutunza rekodi za samaki wakubwa. Hemingway akawa makamu wa rais kuanzia mwaka 1940 hadi kifo chake. Kanuni zao zinadai samaki avuliwe kwa fimbo na rili, mvuvi asisaidiwe na mtu, na samaki asiwe ameliwa wala kujeruhiwa na mnyama mwingine. Nawaomba mzishike kanuni hizo kichwani, tutazirudia.

Sanduku lililopotea

Mwaka huo huo wa 1940 likamkuta jambo ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalijua kwa uchungu. Alikuwa anaelekea Sun Valley, jimbo la Idaho, na alitanguliza sanduku kubwa lenye vifaa vyake vyote vya kuvulia trauti: fimbo, rili na nzi wa miaka mingi. Sanduku halikufika. Lilipotea njiani na halikuonekana tena. Ilisalia fimbo moja ambayo haikuwemo humo, na leo inatunzwa katika jumba la makumbusho la uvuvi huo huko Vermont.

Kwa maelezo ya Jack, baba yake karibu aliacha kabisa kuvua trauti tangu siku hiyo. Naamini uchungu wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu kifaa ulichozeeka nacho ni kama ndugu. Hata hivyo mtu yule yule, miaka 20 nyuma, alikuwa ameonyesha kwamba chupa ya panzi inatosha. Mito ya Idaho haikupotea pamoja na sanduku. Samaki hawakupotea. Kilichopotea ni vitu, na vitu vilikuwa vimekuwa vingi kiasi kwamba bila hivyo mtu hakuona pa kuanzia.

Hemingway aliweza kuacha kwa sababu alikuwa na Pilar, alikuwa na vitabu na alikuwa na fedha. Mvuvi wa Quionga akipoteza vyombo hana ruhusa ya kuacha.

Mzee na pima zake

Tangu miaka ya 1930 Hemingway alikuwa na kisa moyoni alichosimuliwa na baharia wa Cuba. Mzee mmoja aliyevua peke yake alinasa nduaro mkubwa, akakokotwa mbali baharini, na papa wakamla yule samaki akiwa amefungwa ubavuni mwa mashua. Mwaka 1936 aliandika kisa hicho kwa mistari michache katika makala ya gazeti. Alikaa nacho miaka mingine 16 kabla hakijawa kitabu, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mzee na Bahari.

Kilitoka kwanza ndani ya jarida la Life, Septemba 1, 1952. Nakala zaidi ya milioni 5 ziliuzwa kwa siku mbili. Mwaka 1953 kikapata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1954 mwandishi akapewa Nobel. Nishani ya Nobel hakukaa nayo, aliitoa zawadi kwa kanisa la Bikira wa El Cobre nchini Cuba.

Mzee Santiago amekaa siku 84 bila samaki. Mashua yake ina tanga lenye viraka. Ana mishipi ya mkono, ndoana, chusa, kisu na chupa ya maji. Tazameni anavyovua. Anashusha chambo cha kwanza pima 40, cha pili pima 75, cha tatu pima 100 na cha nne pima 125. Anailinda mishipi isimame wima, ili kila chambo kiwe pale hasa anapotaka kiwe. Wenzake wanaiachia ielee na mkondo, wanadhani wako pima 100 kumbe wako 60.

Wavuvi wa Palma hawahitaji tafsiri ya maneno hayo. Pima ndiyo lugha yao, na mkono ndio unaopima. Mzee hana kifaa hata kimoja ambacho wenzake hawana. Tofauti yake ni uangalifu, na uangalifu hauuzwi dukani.

Siku ya 85 anamnasa samaki wa futi 18, mrefu kuliko mashua yenyewe kwa futi mbili. Anavutwa mchana na usiku, mshipi unamkata viganja, na siku ya tatu anamuua. Kisha papa wanakuja. Chusa linakwenda na papa wa kwanza, kisu kinavunjika, na mashua inaingia bandarini na mifupa.

Sasa zikumbukeni zile kanuni. Kwa sheria za chama ambacho Hemingway alikuwa makamu wake wa rais, samaki wa Santiago haingii katika rekodi yoyote. Hakuvuliwa kwa fimbo wala rili, na ameliwa na papa. Mtu aliyezijua kanuni hizo kuliko wengi alikaa chini akaandika kuhusu mvuvi mkubwa kuliko wote aliowahi kumfikiria, na akamchagua mtu ambaye kanuni hazimtambui. Sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Shimoni na mwisho

Hemingway alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Januari 1954 ndege aliyopanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Siku iliyofuata ndege iliyokuja kumchukua ikaungua Butiaba, kando ya Ziwa Albert, ikijaribu kupaa. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa, naye akapata kuzisoma tanzia zake mwenyewe. Baada ya hapo alipelekwa Shimoni, pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Tanganyika, ambako safari ya kuvua ilikuwa imepangwa. Majeraha hayakumruhusu kufaidi bahari, na moto wa vichaka ukamwongezea ya kuungua.

Mwili haukurudi tena kuwa ule wa zamani, na moyo nao ukaugua. Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua kwa bunduki. Mwanawe wa pili, Patrick, aliishi Tanganyika na kisha Tanzania kwa takriban miaka 25, akafundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, mkoani Kilimanjaro. Hivyo jina hilo halikuwa la mpita njia tu kwetu.

Kwa nini mambo yanakuzwa?

Nikitazama maisha hayo nikiwa mtu niliyewahi kuvusha nailoni na ndoana kutoka Mtwara, naona sababu nne.

Ya kwanza ni ya duka. Ndoana nzuri hudumu, na mwenye ndoana inayodumu harudi haraka. Ili arudi, lazima aambiwe aliyonayo imepitwa na wakati. Kitu cha zamani kinapewa rangi mpya na jina jipya.

Ya pili ni ya mshauri. Anayesema vua maji yakianza kujaa hapati cheo kwa neno hilo, kwa sababu kila mtoto wa pwani analijua. Anayetaja namba na herufi anasikilizwa. Elimu rahisi haina heshima mpaka ivishwe kanzu ya maneno magumu.

Ya tatu inatokana na bahari yenyewe. Ukirudi mikono mitupu, chanzo kinaweza kuwa mwezi, upepo, mkondo, joto la maji au samaki kuhama. Hayo yote huwezi kuyabadili. Unachoweza kubadili ni kifaa, basi unakilaumu kifaa. Ukibadilisha, na kesho ukabahatika, utaapa kwamba ni kile kipya kilicholeta samaki.

Ya nne ni ya haki kabisa, nayo ni starehe. Kabla vita haijafika huko, kisiwa cha Vamizi kilipokea wageni waliolipa fedha nyingi ili wavue kolekole kwa nzi wa bandia, kisha wamrudishe baharini akiwa hai. Kwa mtu wa namna hiyo ugumu ndio anaoununua. Akimpata samaki kirahisi, ameibiwa. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale ushauri wa mtu aliyeshiba anayetafuta ugumu unapopewa mtu mwenye njaa anayetafuta samaki.

Nimeliona hilo kwa macho. Mzee mmoja aliyerejea Palma aliuziwa fimbo na rili katika duka moja upande wa Tanzania, akaambiwa ndio uvuvi wa kisasa. Bei yake ingemnunulia mishipi minne na ndoana za msimu mzima. Rili ilikuwa ya maji baridi. Chumvi iliingia, na kabla bamvua ya pili haijafika ilikuwa imeshika kutu haizunguki. Alinionyesha akicheka, lakini watoto wake hawakuwa wakicheka.

Na katika fukwe hizo hizo nimewaona vijana wakichambua nyuzi za gunia la plastiki, wanazifunga juu ya ndoana kubwa kama ndevu na kuzikokota nyuma ya mashua kwa ajili ya jodari wadogo na nguru. Mkitaka kujua, huyo ndiye nzi wa bandia. Hana namba, hana kitabu, na samaki wanamla.

La kuchukua

Sisemi kwamba cha kizamani ndicho bora siku zote. Mshipi wa mkono unakata viganja, na mzee Santiago alilia zaidi ya mara moja kwamba kijana wake Manolin hakuwa naye chomboni. Yapo mambo yanayostahili fedha. Kipande cha waya kwa samaki wenye meno kama nguru. Nailoni mpya, kwa sababu iliyokaa juani muda mrefu hukatika bila taarifa. Kisu kikali, maji ya kunywa, jaketi la kuokolea, na mwenzako.

Kwa anayeanza upya, ushauri wangu ni kununua kwanza kile ambacho bila hicho samaki hapandi: mshipi, ndoana za ukubwa wa aina mbili au tatu, risasi na waya. Baada ya samaki wa kwanza kuuzwa, muulizeni samaki huyo kifaa gani kifuate. Anayekwambia kifaa fulani ni lazima, mwombe akueleze kazi yake kwa sentensi moja. Akishindwa, kiacheni dukani.

Kwa mfanyabiashara, andika uzito kwa kilo pembeni ya ratili. Ratili 100 ni kilo 45, basi. Panga ndoana kwa ukubwa wa macho, mteja aone mwenyewe, usimfukuze kwa namba. Beba vichache vinavyostahimili chumvi. Mteja uliyemwambia ukweli mwaka wa kwanza wa kurejea kwake atakukumbuka atakapokuwa na mashua.

Usalama wa Cabo Delgado bado haujatulia kila mahali, na anayerejea leo amebeba hofu pamoja na mzigo wake. Asiongezewe mzigo wa vitu visivyo na kazi. Sanduku la Hemingway lilipotea na uvuvi wake wa mtoni ukaishia hapo. Wenzetu wa Palma walipoteza zaidi ya sanduku. Lakini pima za bahari yao, miamba yake, saa za maji kujaa na kupwa, bado wanazo kichwani. Hizo hazikuungua.